Nani Anasimulia? Makartoni Mawili ya Mzee wa Buyenzi

Mzee anayeniazima vitabu anakaa Buyenzi, chumba kimoja, na nusu ya chumba hicho ni hadithi za ajabu. Alikuwa mwalimu Uvira. Siku tulipovuka Gatumba wengine walibeba magodoro, yeye alibeba makartoni mawili. Ndani mna mikusanyo ya hadithi za majini, mazimwi na wafu wanaorudi, pamoja na vitabu vinavyofundisha namna ya kuzisoma. Vingi ni vya Kifaransa, vingine ni fotokopi tu zilizoshonwa kwa uzi. Nimevisoma karibu vyote. Leo nataka kusema kipi kinatufaa, na kwa nini.

Nianze na mwongozo, maana ndicho mzee humpa kila mgeni kwanza. Ni kitabu cha Tzvetan Todorov kilichotoka Paris mwaka 1970. Todorov naye alikuwa mtu wa ugenini: alitoka Bulgaria mwaka 1963 akabaki Ufaransa. Anasema hadithi za namna hii zinaishi ndani ya kusitasita. Msomaji anajiuliza: jambo hili limetokea kweli, au huyu mtu anaota? Ukishapata jibu, umeshatoka, umeingia mtaa mwingine. Ni kisu kikali, na kinakata. Lakini msimulizi anayemjua Todorov ni yule wa ndani ya kitabu. Mtu mwenye koo, anayechoka akaomba maji, hayumo.

Kisha kuna mkusanyo wa Roger Caillois, toleo la Gallimard la mwaka 1966, majuzuu 2. Usiku umeme ukikatika, washa mshumaa uusome: Caillois anajua kuchagua hadithi ya kukutoa jasho. Ila ameupanga kwa nchi. Uingereza ina chumba chake, Urusi chake, hata Haiti na Finlandi. Mtu wa Maziwa Makuu hana mlango wa kubisha. Na sisi kupangwa kwa nchi tunakujua. Kila foleni tuliyosimama ilianza na swali hilo.

Nilipumua nilipofika kwenye fotokopi ya Edward Steere, London 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo kuna kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani ananunua paa. Paa anamtafutia mke, anamuua nyoka mwenye vichwa 7, anampa bwana wake nyumba ya nyoka yule. Siku paa anaugua, tajiri mpya hamjali. Anakufa, anatupwa kisimani. Na yule bwana anaamka tena jaani, anachakura kama zamani. Hapo kisu cha Todorov kinaingia sawasawa: ile nyumba ilikuwepo kweli? Sisi tuliopoteza nyumba kwa usiku mmoja hatulisomi swali hilo kama mchezo. Lakini geuza jalada: hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, ndivyo kichwa kinavyosema. Wenyeji gani? Jina lililo juu ni la Mwingereza peke yake.

Chini kabisa ya kartoni la pili nilikuta Mwindo, hadithi ya Wanyanga wa kwetu Kivu, iliyochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shemwindo anakataa kuzaliwa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anamfungia ndani ya ngoma, anamtupa mtoni. Mtoto anarudi, baba anakimbilia chini ya ardhi, na mtoto anamfuata huko, anamrudisha, wanagawana utawala. Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, siku 12. Jina lake limo. Na pale alipokatiza hadithi akasema maneno yake mwenyewe, walimwandikia hata hayo.

Hicho ndicho kipimo changu sasa, na kina sababu. Nilipofika Bujumbura nilisimulia safari yangu ofisini mara 3. Waliponisomea karatasi, tarehe zote zilikuwa sahihi, lakini mimi sikuwemo. Pale niliponyamaza kwa ajili ya dada yangu, waliandika tu sentensi inayofuata. Mkusanyo unaweza kuwa na mazimwi wazuri mno na bado ukawa karatasi kama ile.

Nilimuuliza mzee, “Papa, mbona Mwindo umemlaza chini kabisa?”

“Iko ya kwetu, mwana wangu. Haiwezi potea.”

“Papa, na Uvira ilikuwa ya kwetu.”

Alinyamaza, akajifanya anatafuta miwani. Hakunijibu siku ile. Wiki iliyofuata nilikuta Mwindo bado yuko chini, maana mzee ni mbishi, lakini juu ya kartoni aliweka daftari jipya. Anayeazima kitabu lazima aandike humo hadithi moja aliyosikia nyumbani, na mstari wa kwanza uwe jina la aliyemsimulia. Zimeshafika 9. Moja ni ya bibi yangu, na nimeandika hata pale alipokuwa anakohoa.

Ukipita Buyenzi, njoo na yako.