Mwimbishaji Ajue na Kazi ya Taa

Katika parokia zetu mchezo wa sikukuu huendeshwa mara nyingi hivi: waigizaji husema maneno yao, kisha husimama kimya kama miti, kwaya inaimba, halafu mchezo unaendelea. Watu hupiga makofi na kwenda zao. Je, huo ni mchezo wa nyimbo? Sivyo. Ni kwaya na mchezo waliopanga nyumba moja bila kusemezana.

Ili tuone njia iliyo bora, tutazame ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, kwa marehemu Byron Kawadwa. Alikuwa mtunzi, mwigizaji na mwongozi wa michezo. Alianzisha kundi la Kampala City Players, na baadaye akawa mkurugenzi wa Teatro ya Taifa ya Kampala, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1959. Aliandika pia mchezo juu ya Mtakatifu Karoli Lwanga. Lakini kazi yake iliyovuma kuliko zote ni Oluyimba lwa Wankoko, maana yake Wimbo wa Wankoko, ya mwaka 1971, kwa lugha ya Kiganda.

Mchezo huo unasimulia ufalme ulionyang'anywa. Wengi waliuelewa kama fumbo la mambo ya mwaka 1966, Kabaka Mutesa wa Pili alipofukuzwa katika jumba lake. Uzuri wake ni huu: wimbo haungoji maneno yaishe. Wimbo wenyewe unasukuma habari mbele, na jambo gumu kusemwa waziwazi linaimbwa. Ukiziondoa nyimbo, mchezo unaanguka. Hicho ndicho kipimo, nasi tukitumie kwa michezo yetu.

Lakini wanaomsifu Kawadwa peke yake hawatendi haki. Muziki ulikuwa kazi ya Wassanyi Serukenya. Kawadwa alijua kazi nyingi za jukwaani, wala hakuzishika zote mkononi mwake. Nahodha mwema anajua kupiga kasia na kushona wavu, lakini haendi kuvua peke yake.

Sasa, habari ya taa. Wengi huiona kazi ya fundi wa umeme tu. Adolphe Appia wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1862, alifikiri vingine. Alianza kwa kusoma muziki, na muziki wenyewe ukamfikisha kwenye taa. Katika kitabu chake cha mwaka 1899 alifundisha kwamba muziki ndio uongoze mwendo wa mchezo, na mwanga uufuate, ukizidi na kupungua pamoja nao. Mwaka 1912 na 1913, huko Hellerau, Ujerumani, alishirikiana na Jaques-Dalcroze kuonyesha Orfeo ya Gluck kwa namna hiyo.

Mtu atasema: hayo ni ya Ulaya, sisi hatuna mitambo. Lakini hata taa mbili zatosha kujifunza. Taa ikikaa mbele tu, uso huonekana bapa kama sahani. Ikiwekwa ubavuni, macho na mashavu hupata umbo. Ikitoka chini, uso hutisha. Shahidi anayeimba akielekea motoni asiangazwe kama mtu anayehesabu samaki sokoni. Na nani ajuaye saa ya kupunguza mwanga, ila yule anayeujua wimbo? Kwa hiyo mwimbishaji akae na mwenye taa, wapitie mchezo wote mstari kwa mstari, kabla ya siku ya sikukuu.

Tena, wala tusidhani kazi hii ni upuuzi wa kupitisha jioni. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Wankoko ilionyeshwa Lagos, kwenye sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi. Muda mfupi baada ya kurudi, Kawadwa alikamatwa na watu wa serikali ya Idi Amin, akauawa. Watawala wale walijua kwamba wimbo uliowekwa mahali pake husikika kuliko hotuba.

Basi, ndugu wenye kwaya: yule mmoja anayejua yote katika parokia yako, leo amfundishe kijana mmoja nyimbo, mwingine mwendo, mwingine taa. Mwalimu akiondoka, kazi isizikwe naye.