Herufi za Ncha Duara

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wauzaji wa magari ya Volkswagen na Audi waliwekwa chini ya jina moja, V.A.G. Maandishi yao hayakupatana: Volkswagen ilitumia Futura, ya maduara na mistari ya rula, Audi ikatumia Times, yenye vijikia tunavyovijua magazetini. Studio ya Sedley Place ya London ikapewa kazi ya kubuni mwandiko wa tatu. Gerry Barney, yule yule aliyechora nembo ya mishale miwili ya reli ya Uingereza, akatoa na wenzake VAG Rounded: mistari ya unene mmoja, kila ncha imeviringwa.

Ukiitazama juujuu utadhani mtu ameichukua Futura akaipiga msasa. Sivyo, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ncha duara hulihadaa jicho. Weka l iliyokatwa bapa kando ya l yenye ncha duara, urefu uleule, na ya pili itaonekana fupi. Basi mchoraji huivusha mstari kidogo. O nayo, ambayo kila mtu yuko tayari kuapa ni duara kamili, ikichorwa kwa bikari huonekana imenenepa juu na chini, kwa hiyo sehemu hizo hupunguzwa. Pale bega la n linapoungana na mguu weusi hurundikana, napo hupunguzwa. Vipimo havimwambii mchoraji lolote kati ya hayo. Jicho ndilo linaloamua, na katika herufi zisizo na pambo kosa halina pa kujificha. Ndiyo maana naziheshimu kuliko herufi za madaha.

Herufi hizi zina kazi zinazozifaa. Mashine ya kuchonga vibao, yenye ncha inayozunguka, huacha miisho ya duara yenyewe, kwa hiyo umbo hili limo ndani ya chombo tangu mwanzo. Kompyuta za Apple zilibeba VAG Rounded kwenye vibonye vya kibodi kwa miaka mingi, hadi mwandiko wa San Francisco ulipoanza kushika nafasi yake mwaka 2015. Kibonye hubeba herufi moja, peke yake, ya kutambuliwa kwa kutupa jicho tu.

Riwaya nzima kwa mwandiko huu, hapana; ulaini usiokoma huchosha. Na sisi wa Kiswahili tuna la kuangalia zaidi, maana kurasa zetu zimejaa a. Katika Quicksand ya Andrew Paglinawan, mwandiko mwingine wa ncha duara, a ni duara lenye kijiti ubavuni. Andika pata, pota na pato kwa herufi ndogo, uzisome kwa mbali: kijiti hicho chembamba ndicho kinachobeba tofauti yote. Nunito ya Vernon Adams, nayo ya ncha duara na inayopatikana bure kwa yeyote, imeiachia a paa lake juu ya tumbo. Kwa bango la kliniki ya watoto, linalosomwa na mama aliyebeba mtoto mgonjwa, ningechagua hiyo bila kusita.