Jembe na Nyundo Ufukweni: Uhakiki wa Nembo ya Chama cha Mapinduzi kwa Muktadha wa Kigoma

Nembo ya Chama cha Mapinduzi (CCM), chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa kwa TANU na ASP, ni jembe na nyundo. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba jembe huashiria mkulima na nyundo mfanyakazi, makundi mawili yaliyopewa uzito na Azimio la Arusha la 1967. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini ikisomwa kutoka Kigoma huonekana kuwa na pengo.

Nyundo ina mashiko Kigoma mjini, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914 na ambako meli ya Liemba ilikuwa na bandari yake. Jembe lina mashiko Kasulu na Kibondo, katika mashamba ya mahindi, maharage na muhogo. Ujiji na Kibirizi, hata hivyo, riziki ya wengi hutegemea mtumbwi, wavu na taa. Mkulima hungoja mvua. Mvuvi wa dagaa hungoja giza, kwa kuwa mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa kuvuta samaki.

Inaweza kujibiwa kwamba jembe huwakilisha wazalishaji wote wa vijijini, mvuvi akiwamo. Jibu hilo ndilo linalohitaji kuhojiwa. Roland Barthes, katika *Mythologies* (1957), anaonesha jinsi uteuzi wa kihistoria unavyogeuzwa uonekane kuwa jambo la kimaumbile. Jembe nalo ni uteuzi: likilinganishwa na nyundo na mundu ya Wasovieti, limeshika nafasi ya mundu kwa kuwa ndilo zana ya mkulima wa Tanzania. Ishara ilisogezwa karibu na mwananchi, ila ikaishia nchi kavu.

Athari ya pengo hilo ilidhihirika mwaka 2024, uvuvi ulipositishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu mvuvi aliwekewa zana yake kando, hali ambayo mwenye jembe hakuwekewa. Nembo haikusababisha uamuzi huo, wala haitoshi kueleza siasa za Kigoma. Inachothibitisha ni kwamba anayewakilishwa kwa zana ya mwingine hulazimika kwanza kueleza kazi yake, ndipo adai haki yake.