Povu la Etna: Carricante Iliwekwaje Benchi?

Kanuni ya Etna DOC, jina la asili la divai linalolindwa kisheria, ya mwaka 2011 ilikosea, na ilikosea pale ambapo kosa huumiza zaidi. Ndio mwaka spumante, yaani divai ya povu, ilipoingia rasmi katika kanuni za mlima ule. Walioziandika wakaamua kwamba divai ya povu itakayobeba jina la Etna lazima iwe na Nerello Mascalese, zabibu nyekundu ya mlima, kwa asilimia 60 au zaidi. Asilimia 40 zilizobaki wakaziachia zabibu nyingine yoyote inayoruhusiwa kulimwa Sicilia. Carricante, zabibu nyeupe ya mlima wenyewe, haikupewa nafasi yake. Ikatupwa kapu moja na hizo "nyingine yoyote".

Tulieni hapo kidogo mpime maana yake. Chini ya maneno yale, mtu aliyepanda chardonnay kwenye miteremko ya Etna aliweza kuitia mpaka asilimia 40, akaijazia Nerello, akaandika Etna Spumante kwenye lebo bila kuulizwa na mtu. Jirani yake wa Milo, upande wa mashariki wa mlima, mwenye mizabibu mizee ya Carricante mita 900 juu ya usawa wa bahari, akitengeneza povu la Carricante tupu, jina hilo alinyimwa. Noblesse ya nyumba ya Benanti ni Carricante. Brut ya nyumba ya Planeta inayotoka Etna ni Carricante. Chupa mbili ambazo kila mpenzi wa povu la Sicilia amezionja, na kwa kanuni ile hakuna hata moja iliyostahili kuitwa Etna Spumante. Mgeni kavalishwa jezi, mwenyeji kawekwa benchi, na mechi inachezwa uwanjani kwake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa hawakuwa watu wasioijua Carricante. Kanuni zilezile, kwenye kifungu cha Etna Bianco, zinaidai kwa asilimia 60 na kuendelea. Kwenye Bianco Superiore zinaidai kwa asilimia 80, na kuitengea manispaa moja tu, Milo. Hayo yalianza mwaka 1968, Etna ilipokuwa ya kwanza Sicilia kupata DOC. Wazee wa 1968 walijua wana nini mkononi, na wakakiandika kwa jina na kwa mahali pake. Waliokuja 2011 walikuwa na kifungu hicho mbele ya macho yao, wakakiruka walipofika kwenye povu.

Tuingie kiwandani sasa, maana hoja yangu haitokani na uzalendo wa zabibu. Divai ya msingi ya kutengenezea povu inatakiwa iwe nyepesi, asilimia 10 au 11 za pombe, kwa sababu uchachushaji wa pili ndani ya chupa utaongeza zaidi ya asilimia moja. Inatakiwa iwe na asidi kali na harufu ya utulivu, ili mashapo ya chachu yapate pa kuandika. Carricante ina asidi ya maliki nyingi kiasi kwamba wakulima wa zamani wa Etna waliiacha juu ya mashapo yake hadi majira ya kuchipua ili joto la msimu liamshe uchachushaji wa malolaktiki na kuipunguza makali. Waliofanya hivyo walikuwa wanapambana na ukali. Kwa mtengeneza povu, ukali huohuo ndio mtaji. Upande wa mashariki, Milo ikitazama bahari ya Ionia, mvua ni nyingi na baridi ya usiku ni ya kweli, na zabibu hii huiva ikiwa bado imeshikilia asidi yake.

Nerello Mascalese ni habari nyingine. Huiva kwa kuchelewa, katikati ya Oktoba, tena wakati mwingine baada ya hapo. Ukiitaka kwa povu unaichuma mapema, Septemba, ili usipoteze asidi. Hapo unakuta sukari imetosha lakini tanini ya ganda na mbegu bado mbichi. Inakamulika ikatoa maji meupe kwa urahisi kwa kuwa ganda lake halina rangi nyingi, na urahisi huo ndio unaowadanganya watu. Rangi ikikosekana haina maana kwamba tanini imekosekana. Angalieni kazi inavyokwenda: vishada vizima vinaingia kwenye kikamulio, shinikizo la chini, maji ya kwanza yanatoka safi na makali. Halafu yanakuja ya katikati. Halafu mkia, ambapo pH inapanda na uchungu unaanza kushika pembeni mwa ulimi. Anayejua kazi anaukata mkia mapema na kukubali hasara. Mwenye tamaa ya lita anauchanganya, kisha hewa ya kaboni inaukuza uchungu ule ndani ya glasi, kisha anatafuta sukari ya kuufunika.

Sukari hiyo ya mwisho nimeilalamikia miaka mingi na sitaacha leo. Brut inaruhusiwa mpaka gramu 12 kwa lita. Divai iliyokamuliwa vizuri kutoka kwenye mchanga mweusi wa Etna haihitaji hata nusu yake. Nikionja povu la Nerello lenye utamu unaofika kwanza na uchungu unaofika mwisho, najua mkia haukukatwa. Na tafadhali, acheni kuniuzia "ladha ya volkano". Mwamba hauingii kwenye glasi. Volkano inafanya kazi yake kwa mchanga unaopitisha maji haraka, kwa mwinuko, na kwa udongo ambamo filoksera, mdudu mla mizizi ya mizabibu, hushindwa kustawi hata mizabibu mizee ikabaki juu ya mizizi yake yenyewe. Hiyo inatosha kabisa bila hadithi.

Si kila kitu walikosea mwaka 2011. Muda wa miezi 18 juu ya mashapo waliuweka vizuri, sawa na wa Franciacorta, eneo la povu la kaskazini mwa Italia. Majina ya contrada, yaani vitongoji vya mashamba, kwenye lebo, mwaka uleule, nayo ni kazi njema.

Najua nitajibiwa kwa jina moja: Murgo. Ni jibu la haki. Familia ya Scammacca del Murgo, pale Santa Venerina, ilitengeneza povu la Nerello Mascalese kuanzia mavuno ya 1989, wakati Etna karibu yote ilikuwa bado inawaza kuuza divai kwa pipa. Ile Extra Brut yao iliyolala muda mrefu juu ya mashapo ni kipimo mpaka leo: stroberi ndogo, ganda la mkate, na mshiko wa tanini uliofugwa. Lakini Murgo walifika pale kwa mkono, kwa kukamua kwa subira na kusubiri, bila kanuni yoyote kuwalazimisha. Kanuni ya 2011 iliuchukua ushindi wa nyumba moja ikaufanya sheria ya mlima mzima, na wengi wa walioifuata hawakuwa na mkono ule.

Wakati huohuo ushahidi wa upande wa pili ulikuwapo tangu zamani. Mwaka 1990 Giuseppe Benanti na mtaalamu wake wa divai Salvo Foti walianza Pietramarina, Carricante tupu ya Milo, divai tulivu isiyo na povu. Waliowahi kufungua chupa yake ya miaka 10 au 15 wanajua: anisi, ganda la limau, chumvi, na asidi iliyosimama wima kama siku ya kwanza. Divai inayozeeka hivyo bila povu ilikuwa inaomba kupelekwa kwenye uchachushaji wa pili. Foti na Benanti walionyesha njia miaka 21 kabla ya kanuni. Hakuna mtu Etna ambaye angeweza kusema hakuiona.

Hoja ya mwisho ninayoisikia ni wingi: Nerello ndiyo iliyojaa mlimani, Carricante ni chache. Ni kweli. Ila uchache wa Carricante unatokana pia na kanuni za namna hii. Mkulima hapandi zabibu ambayo jina la mahali pake linaikataa.

Kwa hiyo kwenu wazalishaji wa Etna, katika kanuni yoyote mtakayoandika au kurekebisha mkielekea DOCG, ngazi iliyo juu ya DOC: iandikeni Carricante kwa jina kwenye kifungu cha spumante, kwa asilimia 80 kama wazee walivyoiandika kwa Milo, na zilizobaki ziwe zabibu za mlima peke yake. Chardonnay ya Etna ina haki ya kuuzwa. Iuzwe kwa jina lake.