Jino la Kushoto, Jino la Kulia

Shehena ya pembe za ndovu ikinaswa bandarini, wapigapicha hufika, mzigo hupimwa, jalada hufunguliwa. Kazi ninayoistahi mimi huanza watu hao wakishaondoka. Wachunguzi huinama sakafuni katikati ya mamia ya meno ya tembo, wakilinganisha unene wa shina, rangi, na mstari ulioachwa na ufizi, hadi kila jino lipate pacha wake. Vipimo ni ghali. Tembo mmoja hapaswi kupimwa mara mbili.

Mwishowe husalia meno yasiyo na pacha. Mwenye haraka angeyasukuma kando. Timu ya Samuel Wasser wa University of Washington, Marekani, iliyafuatilia. Kipande kidogo hukatwa, kikagandishwa kwa baridi kali na kusagwa, ili joto la mashine lisiharibu vinasaba. Kisha vinasaba hivyo hulinganishwa na ramani ya vinasaba iliyotokana kwa sehemu kubwa na kinyesi cha tembo kilichookotwa sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 2015 ramani hiyo ilionesha kwamba meno mengi ya tembo wa savana yalitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Mwaka 2018 meno yale mapweke nayo yakasema. La kushoto lilikutwa katika shehena moja, la kulia katika nyingine. Kwa kawaida shehena zote mbili zilipita bandari moja, kwa tofauti ya chini ya mwaka mmoja. Jozi hizo zilisaidia kufichua mitandao mitatu mikubwa ya magendo: wa Mombasa, wa Entebbe na wa Lomé. Mwaka 2022 timu ikatafuta hata ndugu wa damu, katika meno zaidi ya 4,000 ya shehena 49. Kwa kawaida tembo jike haachi ukoo wa mama yake. Ndugu wakionekana katika makontena tofauti, yaelekea wawindaji walirudi palepale.

Umahiri mkubwa zaidi ni kujua ushahidi unakomea wapi. Maabara haimtaji mtu. Inasema tu kwamba majalada haya mawili yasisomwe mbalimbali, kisha inawaachia kazi wapelelezi wa simu, hati za mizigo na miamala ya fedha. Kwa njia hiyo, aliyekamatwa na kontena moja anaweza kuhusishwa na mengine. Tumezoea kumsifu mpelelezi anayeuliza nani alitenda kosa hili. Huyu wa maabara huanza kwa kuuliza: hili ni la ngapi?