Vyombo vya Tanga Katika Picha za Alan Villiers

Alan Villiers, baharia na mwandishi aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1903 na kufariki mwaka 1982, ni mtu mashuhuri miongoni mwa wapendao habari za vyombo vya tanga. Mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda bumu la Kuwait huko Aden, akasafiri na pepo za kaskazi kupitia Mukalla na pwani ya Wasomali mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Akaingia katika delta ya Rufiji, ambako bumu lilipakia boriti. Kisha akarudi na kusi mpaka Kuwait mwaka 1939. Matunda ya safari hiyo ni kitabu chake *Sons of Sindbad*, kilichotoka mwaka 1940, pamoja na picha nyingi ambazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Bahari huko Greenwich, Uingereza. Baadhi ya picha hizo zilitolewa upya katika kitabu cha peke yake mwaka 2006. Yafaa zichunguzwe kwa jicho la mwanalugha na si kwa jicho la mpenda bahari tu, maana zaleta swali ambalo mwanalugha hawezi kulikwepa: picha inapohifadhi chombo, ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa?

Kwanza sharti sifa itolewe pale inapostahili. Wapiga picha wengi waliofika katika bandari za pwani walipenda kuonyesha tanga jeupe mbele ya jua linalokuchwa, kama kwamba chombo hujiendesha chenyewe. Villiers hakuwa wa namna hiyo. Yeye alikuwa baharia tangu ujana wake, na macho yake yalielekea kwenye kazi. Picha zake zaonyesha mabaharia waliotundikwa juu ya foromali, mikono iliyoshika kamba, mafundi wa Kuwait wakiunda vyombo kwa teso na keekee, abiria waliosongamana sitahani na nahodha Ali bin Nasir al-Najdi akiwa mahali pake tezini. Tena zilipigwa kwa wakati wake. Meli ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka Kuwait mwaka 1946, na haukupita muda mrefu kabla vijana wa nchi ile hawajaacha bahari wakafuata kazi za nchi kavu. Lau Villiers angalichelewa miaka kumi na mitano, mengi aliyoyapiga picha asingeyakuta. Kwa hiyo hapana mtu wa haki awezaye kuidharau kazi yake.

Lakini kazi njema nayo ina mipaka yake, na mpaka wa kwanza waonekana katika jina la chombo chenyewe. Bumu lile liliitwa Bayan. Katika kitabu cha Kiingereza likapewa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Ushindi wa Haki, na kwa jina hilo la kupambwa ndipo lilipojulikana kwa wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani. Sikio la Mswahili lamtambua Bayan mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa bayana na bainisha, na maana yake ni uwazi na ubainifu. Kwa tafsiri ile udugu huo umekatika. Picha ingalipo, na umbo la bumu, lililochongoka omo na tezi, laonekana barabara; lakini jina ambalo kwalo watu wa bandari za pwani walikijua chombo limewekwa nyuma ya jina jingine.

Hali kadhalika kwa aina za vyombo. Villiers mwenyewe alizitofautisha vizuri, bumu mbali na sambuki mbali. Wale waliozitumia picha za namna hii baada yake hawakuwa waangalifu kama yeye. Neno moja la Kiingereza, *dhow*, limetandazwa juu ya bumu, sambuki, ganja, bedeni, jahazi na mashua, na mwenye kusoma maelezo yaliyo chini ya picha hawezi kujua kwamba kwa Waswahili dau ni chombo cha aina yake, wala si jina la vyombo vyote. Hivyo picha iliyokusudiwa kuhifadhi urithi yaweza kusaidia kuufuta, kwa kufundisha jina moja pale palipokuwa na majina sita au zaidi.

Mpaka wa pili ni wa kazi ya tanga. Mtazamaji aona kundi la watu wakivuta kamba, na foromali ikipanda mlingotini. Aona nguvu na umoja wao. Asiloliona ni kwamba kamba zile ni mbili, nazo zina majina mbalimbali: henza, iliyo nene, ambayo hupita juu mlingotini na kuibeba foromali, na jarari, ambayo huungana na henza upande wa chini na kuipa wepesi wa kuvutwa. Haoni pia kwamba demani ni kamba inayoshikilia tanga upande wa nyuma, na kwamba neno hilo hilo ni jina la majira ya mwaka. Wala haoni kwamba majira ya pepo zinazobadilika huitwa tanga mbili. Picha yaweza kumwonyesha msukani akikipeleka chombo upande huu na upande huu dhidi ya upepo. Haiwezi kumwambia kwamba kitendo hicho ni kubisha, na kwamba chombo kipinganacho na upepo na mtu apinganaye na mwenziwe hutumia kitenzi kimoja. Katika mambo kama hayo ndimo elimu ya baharia ilimowekwa. Mwenye kuona kamba bila ya jina lake ameona kamba tu.

La kustaajabisha ni kwamba maneno hayo yalikuwa yakikusanywa wakati ule ule. Mwaka 1939, mwaka ambao Villiers alikuwa Rufiji na Unguja na kamera yake, ndio mwaka ilipochapwa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, na ndio mwaka kilipotoka kitabu cha kwanza cha kamusi kubwa ya Charles Sacleux ya Kiswahili kwa Kifaransa. Kamusi hizo zina maneno mengi ya bahari. Mwanafunzi asomaye maelezo ya henza na jarari katika kamusi, naye hajapanda chombo, hupata taabu kuzifikiria kamba hizo. Na yule atazamaye picha, naye hana kamusi, huziona asijue azionacho. Basi katika mwaka mmoja pwani hii ilipata picha zisizo na maneno na maneno yasiyo na picha. Kila upande una nusu ambayo mwenziwe anaihitaji.

Mfano wa Rufiji waonyesha hasara hii zaidi. Nahodha alikuja kutafuta miti ya mikoko, ambayo huko Kuwait, kama ilivyo Lamu na Unguja, iliezekea nyumba, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Picha zaonyesha miti iliyorundikwa na watu wanaoipakia. Lakini biashara ile ilikuwa na lugha yake. Miti iligawanywa kwa unene wake, tangu fito na pau mpaka mazio, boriti na nguzo, na ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkata miti, mwenye chombo na mnunuzi walielewana kwa maneno hayo, ingawa mmoja alikuwa mtu wa Rufiji na mwingine mtu wa Ghuba. Katika picha rundo ni rundo. Tena mpiga picha alikuwa mgeni wa mabaharia wa Kuwait, basi ni haki kwamba wao ndio waliojaa katika picha zake. Lakini yafuata kwamba watu wa pwani, waliokata miti, kuipakia na kuihesabu, wamesimama pembeni, wengi wao bila majina.

Huenda mtu akasema kwamba upungufu huu ni wa picha zisizokwenda, na kwamba filamu ni dawa yake. Villiers aliijua filamu pia. Mwaka 1929 yeye na mwenziwe Ronald Walker walipanda merikebu *Grace Harwar* huko Australia ili wapige filamu ya safari ya kuzunguka Rasi ya Horn. Walker alikufa safarini kwa kuangukiwa na foromali, na Villiers akaendelea na kazi peke yake. Sehemu za filamu hiyo ziliingizwa katika *Windjammer*, iliyoonyeshwa mwaka 1930, zikaunganishwa na maigizo yaliyotengenezwa studioni. Bahari ni ya kweli, na mtu alilipa kwa maisha yake. Lakini mazungumzo ni ya waigizaji. Kwa upande mwingine yupo Khalid al-Siddiq wa Kuwait, ambaye filamu yake *Bas ya Bahar* ya mwaka 1972 ni hadithi ya kubuni tangu mwanzo, juu ya wazamia lulu wa zamani. Pamoja na hayo, filamu hiyo ilitengenezwa na watu ambao bahari hiyo ilikuwa ya wazazi wao, na lugha inayosikika ndani yake ni lugha yao. Kwa hiyo filamu peke yake si dawa. Dawa ni sauti ya wenyewe, na yaweza kukosekana katika filamu ya kweli ikapatikana katika filamu ya kubuni.

Jambo hili halikuhusu Bahari ya Hindi peke yake. Huko Kanada palikuwa na skuna *Bluenose*, chombo cha milingoti miwili kilichoshushwa majini Lunenburg mwaka 1921, kikavua samaki na kushinda mashindano mengi ya mbio. Wallace MacAskill alikipiga picha. Picha zake zikatumika katika stempu ya mwaka 1929, na tangu mwaka 1937 sura ya skuna imo katika sarafu ya senti kumi. Chombo chenyewe kilizama karibu na Haiti mwaka 1946, lakini mwaka 1963 kilijengwa kingine cha mfano wake katika kiwanda kile kile. Sarafu iliwapa watu mapenzi. Iliyowapa chombo ni mikono ya mafundi ambao bado walijua kazi na majina ya kazi. Pwani ya Afrika Mashariki yajua kinyume cha hayo katika mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba na kutwekwa tanga la miyaa. Picha na vielelezo vyake vimesalia, lakini washonaji waliokwenda navyo baharini wametoweka, na wataalamu wamelazimika kubishana juu ya mambo ambayo fundi mmoja angaliyamaliza kwa neno moja.

Ipo kazi moja inayoonyesha njia iliyo bora. A. H. J. Prins, mtaalamu Mholanzi, katika *Sailing from Lamu* ya mwaka 1965, aliandika habari za vyombo na watu wa Lamu akiyapa maneno ya Kiswahili mahali pake, hata msomaji akajua sehemu ya chombo pamoja na jina lake na kazi yake. Kitabu hicho hakina uzuri wa picha za Villiers. Bali baharia wa Lamu akisomewa angetambua mengi kuwa ni yake.

Basi hukumu juu ya Villiers isiwe ya kumlaumu kwa lile ambalo hakukusudia. Alihifadhi umbo, na alilihifadhi vizuri kuliko wengi. Kinachobaki ni wajibu wa wenye lugha. Picha zile zipelekwe Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Rufiji, ziwekwe mbele ya wazee waliowahi kutweka tanga na mafundi waundao majahazi. Kila kamba, kila ubao na kila kitendo kipewe jina lake kwa kila lahaja, na sauti zao zinaswe. Kazi hiyo haihitaji merikebu wala fedha nyingi. Yahitaji haraka, kwa sababu picha iliyomo Greenwich yaweza kungoja miaka mia, lakini mzee ajuaye tofauti ya henza na jarari hawezi kungoja.