Buluu ya Utepe na Buluu ya Sare

Alama ni fumbo. Mtungaji wa fumbo huwa na ahadi na msikilizaji wake: jawabu limo katika maisha ya msikilizaji mwenyewe, na akilitafuta kwa makini atalipata. Fumbo ambalo jawabu lake limebaki nchi nyingine huacha kuwa fumbo, likawa pambo. Wapenzi wa ushairi wa pwani hukitumia kipimo hiki kila wanapowapima malenga wao. Aghalabu hawakitumii kupimia mafumbo ya aina nyingine, yanayobandikwa kutani na kuvaliwa kifuani: alama za kampeni za kupinga ukatili dhidi ya watoto. Ziko nyingi, lakini tatu zinatosha kwa uhakiki huu: utepe wa buluu, kiganja kilichonyooshwa, na picha ya mtoto aliyejifunika uso.

Mahali pa kuzipimia pawe Munanila. Ni kata ya nyanda za juu za Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu hadi Buhigwe ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Ni nchi ya Waha, ya vilima na migomba, mbali kabisa na harufu ya bahari. Hata hivyo Kiswahili si mgeni huko. Kilipanda na misafara iliyofika Ujiji katika karne ya 19, na vijana wa Kiha walioteremka Tanga kukata mkonge zama za manamba wakarudi nacho makwao. Leo ndicho kinachosomeshwa darasani na kusikika redioni. Alama inayofika Munanila ikiwa imeandikwa Kiswahili ina wajibu wa kusomeka kwa Kiswahili. Ikishindwa huko, pengine hata Unguja na Pemba imeshindwa pia, ila mazoea yametuzuia kuliona hilo.

Tuanze na utepe. Mwaka 1989, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, bibi mmoja aitwaye Bonnie Finney alifunga utepe wa buluu kwenye antena ya gari lake. Mjukuu wake alikuwa ameuawa kwa mateso ya nyumbani. Aliichagua buluu kwa kuwa ndiyo rangi aliyoiona katika mwili wa mtoto yule, rangi ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Watu walipouliza maana ya utepe, aliwasimulia. Hapana shaka kwamba hili lilikuwa fumbo kamili. Lilikuwa na msiba ndani yake, lilikuwa na mwenye kuulizwa, na jawabu lake lilitisha. Rangi ile haikuteuliwa kwa uzuri wake, ilikuwa ushahidi.

Utepe ule ulipoenea duniani, ushahidi ulidondoka njiani na rangi ikabaki. Juu ya ngozi ya mtoto wa Munanila, kama ilivyo juu ya ngozi ya mtoto wa Makunduchi au wa Wete, damu iliyovilia haionekani buluu. Ni weusi juu ya weusi, na mara nyingi haionekani kabisa kwa jicho la mpita njia. Lugha nayo haisaidii. Rangi za asili katika lugha zetu za Kibantu ni tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Samawati tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni mbingu. Buluu tumeitwaa kwa Waingereza. Nili ni jina la dawa ya kutilia nguo rangi. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalobeba maumivu. Mswahili hasemi kwamba moyo wake ni wa buluu, wala kwamba amepigwa akawa samawati. Basi msomaji wa Munanila anapewa utepe, anaambiwa huu unapinga ukatili, anauvaa kwa heshima, na jioni anauvua. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Wamarekani wenyewe walilihisi tatizo hili kwa namna yao. Mwaka 2008 shirika lao kubwa la kuzuia ukatili dhidi ya watoto lilianza kutumia kichezeo cha karatasi kinachozungushwa na upepo, ili watu waukumbuke utoto wenye furaha badala ya mwili wenye majeraha. Hoja yao inaeleweka. Lakini alama ya pili imekwenda mbali zaidi na msiba wa yule bibi. Utepe ulikuwa na kidonda ukakisahau. Kichezeo hakijawahi kuwa nacho.

Alama ya pili ni kiganja kilichonyooshwa, kinachosema basi, komesha. Hapa mtungaji amejikwaa katika lugha bila kujua. Kiganja kilicho wazi, kwa Kiswahili, ni kofi. Mtoto wa darasa la pili anapokitazama kibao chenye mkono mkubwa uliofunuliwa, haoni kwanza katazo. Anaona kile kilichompata jana. Picha ya kuzuia pigo na picha ya pigo zimekuwa picha moja. Na kwa Waha kuna maana ya tatu, iliyo bora kuliko zote mbili: huko makofi ni salamu. Watu husalimiana kwa kupigiana makofi, taratibu, mmoja akiwa ameinama kidogo mbele ya mwenziwe. Kiganja hichohicho kinachomwumiza mtoto ndicho kinachomheshimu mtu mzima. Mshairi angeliona hili asingeliacha lipite. Angeuliza kwa nini mkono unaojua kuheshimu unamchagua wa kumheshimu, na kwa nini mdogo hamo. Kampeni ingekuwa na fumbo la kweli, lililotoka Buha, lisilohitaji mkalimani.

Alama ya tatu ndiyo iliyoenea kuliko zote, nayo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mtoto ameketi pembeni, amejifunika uso kwa viganja vyake. Nyuma yake pana kivuli cha mtu mzima kisicho na macho wala pua. Picha hii inaliza, na kwa kuwa inaliza hudhaniwa kuwa inasema kweli. Tuitazame tena. Aliyejifunika uso ni aliyetendewa. Aliyetenda hana uso wa kufunika. Aibu yote imewekwa upande mmoja.

Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania Bara na Zanzibar mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulizungumza na vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walisema walipigwa au kuumizwa mwili utotoni. Wanaotajwa katika majibu hayo si vivuli. Kwa vipigo, ni wazazi, jamaa na walimu. Kwa ukatili wa kingono, majirani wamo miongoni mwa waliotajwa sana, na mahali palipotajwa ni nyumbani kwa mtu, shuleni, na njia ya kwenda shule na kurudi. Takriban nusu tu ya wasichana waliofanyiwa hayo ndio walioweza kumwambia mtu yeyote.

Kwa hiyo kivuli kile kinadanganya. Kinamfundisha mtoto wa Munanila kumwogopa mgeni asiye na sura, ilhali anayepaswa kumtaja ana sura na jina, na pengine jina hilo hutanguliwa na mjomba au mwalimu. Ukatili wa picha hii ni kwamba inamwacha mtoto peke yake na siri, halafu inaisifu huzuni yake.

Wasomaji wa visiwani wasiinue vidole haraka. Jambo hili kwetu lina majina, tena majina mazuri. Tunalo neno sitara, nalo ni neno tukufu, lakini limetumika kumsitiri asiyestahili. Tunalo neno muhali. Kesi ya mtoto hufikishwa mlangoni, kisha watu wakakumbuka kwamba mshitakiwa ni ndugu, au mume wa shangazi, au jirani mliyezikana naye. Ikaonekana ni muhali, na ikamalizwa nyumbani. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Mnazi Mmoja imekuwa na kituo cha mkono kwa mkono, ambapo mtoto hupata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Kituo kinaweza kuandika ushahidi. Hakiwezi kuuvunja muhali peke yake. Muhali ni jambo la lugha, na jambo la lugha huvunjwa kwa lugha.

Na pwani inayo lugha hiyo, ila kampeni hazijaitumia ipasavyo. Tazama kanga. Jina la kanga halimtaji mtu, lakini linaporushwa, anayehusika hujijua, na wengine wote hugeuza macho kumtazama. Huo ndio uhodari wa fumbo letu: linaficha jina bila kumficha mtu. Bango la kivuli limefanya kinyume chake. Limemchora mtu, likamficha mtu huyohuyo. Kanga huvaliwa Buha kama inavyovaliwa Mkunazini, na mwanamke wa Munanila hahitaji somo la kurusha maneno.

Lipo pia pambano jingine ambalo utepe hauwezi kulikwepa. Methali ni alama kongwe kuliko utepe wowote, na baadhi ya methali zetu zimesimama upande wa fimbo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Haya yamo kinywani kabla kampeni haijafungua mkoba wake. Si ajabu basi kwamba katika shule za Bara kanuni za viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zilipunguza idadi ya fimbo na kutaka ziandikwe kitabuni, lakini hazikuziondoa. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa shuleni, na nchi nzima ikasimama ikaulizana. Ile methali ya kuchelea kilio ilipaswa kusomwa upya siku ile, kwa kuwa aliyelia mwishoni ni mzazi ambaye hakuchelea kumpeleka mwanawe shule.

Hapa ndipo buluu inaporudi, na safari hii inarudi na maana. Munanila haikosi rangi ya buluu. Inaiona kila asubuhi, ikishuka vilimani kwa mamia: shati jeupe juu, sketi au kaptula ya buluu chini. Ni sare ya shule ya msingi. Katika macho ya Munanila buluu ni mtoto mwenyewe, akiwa njiani, akiwa darasani, akiwa mikononi mwa watu aliokabidhiwa. Haina haja ya kuletwa kutoka Virginia. Ukikata utepe katika kitambaa cha sare iliyochakaa ukaufunga mlangoni mwa ofisi ya kijiji, kila apitaye atajua kitambaa kimetoka wapi. Swali litakaloulizwa litakuwa zito kama lile aliloulizwa yule bibi: sare hii ni ya nani, na amepatwa na nini? Jawabu nalo litaelekea palepale utafiti ulipoelekea, yaani nyumbani, njiani na shuleni.

Afrika imewahi kuisoma sare hivyo. Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa kila tarehe 16 Juni tangu mwaka 1991, ilitokana na wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Picha ya Sam Nzima, yenye mtoto Hector Pieterson amebebwa mikononi na dada yake akikimbia kando kwa sare ya shule, haikufunika uso wa mtu. Kila aliyeiona alijua ni mtoto wa nani, na alijua nani aliyefyatua. Hiyo ni alama iliyokuwa na mtendwa na mtendaji, na kwa sababu hiyo ilitikisa dola.

Atatokea mtu aseme kwamba utepe si shairi, wala bango halihitaji malenga. Lake ni kukumbusha tu. Lakini kumkumbusha nani, na jambo gani? Mtoto hahitaji kukumbushwa kwamba anaumizwa. Anahitaji kujua kwamba akisema ataaminiwa, na kwamba upo mlango wa kubisha: dawati la jinsia na watoto la polisi, au namba 116 ambayo hupigwa bila malipo. Mtu mzima naye anahitaji kusumbuliwa, asipate pa kugeuzia uso. Alama isiyofanya lolote kati ya hayo mawili humfariji aliyeivaa, na haimfikii yule iliyokatwa kwa ajili yake.

Tungo mbovu hudhuru sikio tu, na sikio hupona. Alama mbovu katika jambo hili inadhuru zaidi, kwani inachukua nafasi ya ile ambayo ingesema. Wanaotunga kampeni wangewaita washairi, na wanaotunga mashairi wangeacha kudhani kwamba bango ni kazi ya wengine. Utepe wa Munanila ukatwe Munanila, kwa mkasi wa Munanila, katika nguo ambayo mtoto wa Munanila amekwisha kuivaa.